Ee ya Koko

Mwalimu Clemensi wa chuo cha waongoza watalii pale Karatu hakuwa mtu wa kucheka. Alimrudishia Naisenya insha yake ya Kiingereza ikiwa imejaa wino mwekundu. "Binti, sentensi zako zinafukuzana kama ng'ombe walionusa maji! Nukta-mkato iko wapi? Viunganishi viko wapi?" Darasa likaangua kicheko.

Naisenya akaenda nayo kwao Ngorongoro, amenuna. Jioni akaisoma kwa sauti huku bibi yake, Koko Resiato, akikamua ng'ombe. Koko hajui Kiingereza hata salamu. Lakini kwa Wamasai, mtu akikupa habari humwachi aseme peke yake, kila anapotua unamwitikia, "Ee." Basi Koko akajiandaa kuitikia. Akangoja, akangoja, mwisho akafoka, "Wewe mtoto, mbona hutui? Mimi nitaitikia wapi?"

Naisenya akachukua kalamu, akaanza kusoma upya, polepole. Koko alipoitikia huku bado ametega sikio, Naisenya aliweka nukta-mkato. Habari ilipogeuka, akatia kiunganishi cha kuigeuza. Koko alipoitikia na kurudia kukamua, aliweka nukta.

Jumatatu alisimama mbele ya wale wale waliomcheka, akasoma insha ile. Akatua, akageuza habari, akatua tena. Kalamu nyekundu ya mwalimu haikufunguliwa.

Kwenye nukta-mkato ya mwisho, "Ee," ikamtoka Mwalimu Clemensi kabla hajajizuia, na darasa zima likaitikia naye.