Khanga kwenye Mlingoti wa Zebaki

Dokta Siwema alikuwa na hakika kwamba hewa ya Itetemia, Tabora, ni safi. Kwa hakika hiyo aliiacha Kisarawe na mihogo yake ya nazi, akasimika mlingoti nyuma ya nyumba ya Mama Getruda, na kuweka mashine inayovuta hewa mchana kutwa kupima zebaki iliyomo. Jumatatu profesa wake angeamua. Hewa ikionekana safi, kituo hicho cha kupimia kinabaki Tabora na Siwema anabaki nacho. Ikionekana chafu, kila kitu kinarudi kwenye masanduku.

Wiki hiyohiyo, basi, mstari wa zebaki kwenye kompyuta ukaanza kurukaruka. Kila jua likipanda, nao unapanda.

Siwema akawalaumu wachimba dhahabu wa Nzega wanaochoma zebaki, lakini upepo ulitoka upande mwingine kabisa. Akailaumu mashine, akaifungua, akaifunga, akaiomba radhi. Nyumbani nako hakukaliki kwa shangwe. Recheli, binti wa Mama Getruda, alikuwa anaagwa Jumamosi kabla ya harusi yake, na mashangazi walifanya mazoezi ya vigelegele tangu alfajiri. Siwema alijikuta anachambua data huku mabega yanacheza.

Katika kucheza huko akainua macho, akaziona khanga. Mama Getruda, kwa kuona nguzo nzuri imesimama bure, alikuwa ameifunga kamba ya kuanikia nguo. Siwema aliiona mapema akanyamaza, maana mgeni gani anagombana na mwenyeji kwa ajili ya kamba? Sasa akaanua khanga moja, akaisogeza kwenye mrija wa mashine. Mstari ukaruka. Akaiondoa, ukashuka. Akaangua kicheko peke yake uani hadi kuku wakatawanyika.

Khanga zilikuwa za Recheli, na dirisha la chumba chake lilitazama mlingoti. Hapo kicheko kikamkauka. Uso wa bibi harusi ulikuwa ukizidi kung'aa siku zile, na zebaki ya krimu za kujichubua haiishii usoni: inashika nguo na kupanda hewani jua likiwaka, na mwilini inakwenda hadi kwenye figo. Kuhamisha kamba kusingetosha. Krimu yenyewe ilipaswa itoke mle ndani. Lakini utamwambiaje binti wa watu, wiki ya sherehe yake, na mashangazi wamejaa hadi jikoni?

Bahati nzuri Siwema ni Mzaramo, na Wanyamwezi, kabila la akina Recheli, ni watani wake tangu enzi za misafara ya pwani. Jumamosi, Recheli alipokuwa anatolewa ndani, Siwema akachomoka kwenye vigelegele, akaunyakua mkoba wa vipodozi wa bibi harusi na kutimua mbio. Watu wakavunjika mbavu. Hakuna aliyekasirika, mtani kaiba na mali lazima ikombolewe. Akapanda juu ya kiti, akadai jogoo, na akataka mashangazi wote wapige magoti. Wakapiga, wakicheka hadi machozi, jogoo akaletwa, na mkoba ukarudi umepungua uzito kidogo.

Akimkabidhi Recheli, alimnong'oneza. "Kikopo cha krimu nimebaki nacho, mdogo wangu. Kina sumu. Mashine imekichongea, na hakuna mwingine anayejua."

Recheli akainamisha macho. "Nilitaka nipendeze, dada."

"Umependeza mpaka umeniharibia utafiti."

Recheli akacheka, machozi yakiharibu wanja.

Kikopo kikafungiwa kwenye boksi la maabara pamoja na khanga zile. Jumatatu mstari ulikuwa umelala, na profesa akaandika kwamba kituo kinabaki. Siwema alikuwa bado anarukaruka uani kwa furaha Recheli alipotokea, amenawa uso tu.

"Nipime na mimi," alisema, akaweka shavu kwenye mrija. Mstari ukapanda.

"Bado," Siwema akamwambia, akaifuta data ya dakika ile. Kesho yake Recheli akarudi, na keshokutwa, na kila asubuhi mstari ulipanda pungufu ya jana.

Asubuhi ya kwenda kuolewa Nzega aliweka shavu kwa mara ya mwisho. Wakasubiri wameshikana mikono. Mstari haukutikisika. Siwema akapiga kigelegele peke yake, na jogoo wake wa utani akaitikia.