T ya Tangawizi

Maabarani walimwita Mizani, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akipime, na yeye jina hilo hakulikataa. Kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kusaga tangawizi, kuichuja, kuizungusha kwenye mashine, kuichuja tena. Ndoo nzima ya tangawizi ilimpa vichupa kumi vya maji yenye ukungu, basi. Ila ndani ya ukungu ule mlikuwa na chembe ndogo mno, vifuko vya mafuta ambavyo mmea hujitengenezea wenyewe. Vikinywewa vinapita tumboni salama, vinafika kwenye utumbo na kuvikomesha vijidudu ambavyo antibiotiki zimevinyooshea mikono. Kwa panya, lakini. Hilo Mizani hakusahau kulisema. Hata harusini, mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alieleza vizuri kisha akamalizia: kwa panya, lakini.

Alikuwa na sheria moja ambayo kila mfanyakazi mpya aliimezeshwa siku ya kwanza. Nusu ya panya wanakunywa dawa, nusu wanakunywa tupu. Tupu ndilo jina la maabarani la chupa isiyo na dawa, maji na vitone vya mafuta basi. Na tupu, alisema Mizani, lazima ifanane na dawa kwa rangi, kwa uzito na kwa harufu, mpaka anayewanywesha asijue ameshika ipi. Ukijua, mkono wako utakudanganya. Hivyo hata tupu iliwekewa tone la maji ya tangawizi, inukie. Watu walimcheka kwa ajili ya ukali huo. Wacheke tu, matokeo yake hayakuwahi kupingwa.

Kisha mama yake akaanza kuhara.

Mama alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mwenye miaka sabini na miwili na ulimi mwepesi. Wiki ya kwanza walidhani ni chakula. Wiki ya pili alikuwa wodini, kitanda cha tatu kutoka dirishani, ngozi ya mikono imelegea. Mizani akaomba likizo, akahamia kwenye kiti cha pembeni. Siku ya kumi na moja daktari wa wodi alimwita koridoni.

"Vijidudu vyake ni sugu," alisema. "Tumempa dawa ya kwanza, ya pili, mpaka ile tunayoiweka akiba. Vinaziogelea tu. Nyingine sina."

"Basi?"

"Basi ni dripu, na mwili wake upigane."

Mizani aligeuka akamtazama mama kupitia mlangoni. Mwili ule ulikuwa umeshapigana vya kutosha.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akatikisa kichwa. "Wewe ndiye mwalimu wetu kwa mambo haya. Ruhusa ya kuijaribu kwa watu tumeomba, haijatoka. Ukimpa akafa, utajua kilichomuua? Ukimpa akapona, utajua kilichomponya?"

"Nitajua amepona."

"Hapana, Mizani. Pole sana, lakini hapana."

Alikuwa amesema kweli tupu. Lakini mtu mwenye mama kitandani umwambie kweli tupu aifanyie nini? Mfa maji haachi kutapatapa. Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipotoka, Mizani alifungua friji aliyoizoea kuliko kabati la nyumbani kwake. Rafu ya pili ilikuwa na vichupa vipya, vimepangwa safu mbili kama wanafunzi asubuhi. Safu moja imeandikwa T, nyingine D. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa Mgeni, msichana aliyeajiriwa miezi mitano nyuma na ambaye angeitwa Mgeni mpaka astaafu. Kabla ya likizo Mgeni alikuwa hana wimbo mwingine ila kujaribu dalasini. Kumbe ameanza, Mizani aliwaza. D ya dalasini. Akachukua vitatu vya T.

Yeye aliyepima kila kitu, siku hiyo hakupima. Tangu aanze kazi hiyo, T ilikuwa tangawizi.

Wodini mama alikishika kichupa, akakisogeza mbali kidogo na macho. "T," alisoma. "T ya nini?"

"Ya tangawizi, mama."

"Miaka minne unasaga tangawizi, kumbe ungeniletea chai tu yakaisha."

"Hii si chai."

"Najua, mganga wangu, nakutania. Leo mimi ndiye panya wako." Alicheka, midomo ikamuuma. "Unajua T iliwahi kunitesa darasani? Kila mtoto alitakiwa alete neno lake, mwenzako akishasema taa wewe huna ruhusa ya taa. Tembo, tunda, tope, yote yakaisha. Wa mwisho akasimama, akafikiri weee, akasema, T ya tu. Tu nini? nikamuuliza. Akasema, tu, mwalimu. Basi."

"Ukampa vema?"

"Ningemnyima vipi? Herufi haina mwenyewe, mwanangu."

Akanywa chote, akakunja uso, akasema harufu yake ni nzuri kuliko ladha yake.

Kesho yake alikwenda chooni mara tisa badala ya kumi na nne. Siku ya tatu mara sita, na akaomba uji, na akamkosoa nesi matamshi. Mizani aliyaandika yote kwenye daftari kama alivyozoea, saa na idadi. Alifurahi mno, na furaha yenyewe ilikuwa ya wizi, hakuwa na wa kumwambia ila mdogo wake, fundi baiskeli. Huyo naye siri kwake ni maji kwenye pakacha. Jioni ile mtaa mzima ulijua kwamba dada yake amemponya mama kwa tangawizi ambayo hospitali haina.

"Nyamaza kwanza," Mizani alimwambia.

"Ninyamaze nini, dada, na mama anakula?"

Siku ya nne, asubuhi, mama hakutaka uji. Homa ilipanda, presha ikashuka. Mizani alikimbilia maabarani kuongeza dawa, na mbele ya friji akamkuta Mgeni anahesabu kwa kidole.

"Shikamoo, dada. Pole na mgonjwa. Hivi kuna mtu amegusa tupu zangu? Niliacha tisa, nakuta sita."

"Tupu zipi?"

"Hizi za T."

Mizani aliushika mlango wa friji. "T ni tangawizi."

"Si zote zinanukia tangawizi, dada? Ndivyo ulivyotufundisha. Nikaona niandike T ya tupu, D ya dawa, nisichanganye mwenyewe; anayewanywesha hajaambiwa maana yake."

"Na dalasini?"

"Dalasini hata sijainunua."

Friji ilikuwa inanguruma. Mizani alisikia baridi ya rafu usoni, akaona alichokuwa amemnywesha mama yake siku tatu: maji, mafuta, na tone la harufu. Zile mara tisa na mara sita hazikuwa kazi ya dawa yoyote. Ugonjwa ulivuta pumzi tu, kama unavyofanya, na yeye akauandikia daftari.

"D ziko ngapi?"

"Imebaki moja. Nyingine panya wamemaliza jana. Siku uliyozichukua T, D zilikuwa..." Mgeni alimtazama usoni. Alikuwa ameelewa. Akakitoa kichupa mwenyewe, akamwekea mkononi.

Alipofika wodini, daktari alikuwa ameinama juu ya kitanda. Alikiona kichupa, hakuuliza kina nini. "Kwa mdomo, hapana," alisema kwa upole. "Hamezi tena. Chochote utakachompa kitaingia kwenye mapafu."

Mizani akakaa. Kichupa kilikuwa bado baridi, akakifumbata, ingawa alijua joto la kiganja huziharibu zile chembe. Mama alifungua macho, yakatua kwenye herufi.

"D," alisema, sauti imekauka. "Ya nini?"

"Ya dawa, mama."

Mama alifikiri. Alikuwa na namna yake ya kumngoja mtoto ajibu, hamharakishi, hamwachii. "Na ile T?"

Mizani alifungua mdomo. Angeweza kusema tangawizi, neno alilokwisha kulisema, na mama angeondoka nalo.

"Ya tu, mama," alisema. "Tu. Basi."

Kona ya mdomo wa mama ilisogea, labda kwa kucheka, labda kwa maumivu. Hakuuliza tena. Saa tisa alasiri alikata roho.

Nyumbani watu walijaa mpaka kibarazani. Mgeni alikuja, akakaa sakafuni karibu na Mizani, akamnong'oneza, maana alijua ataulizwa tu siku moja: panya wa D kumi na mmoja kati ya kumi na wawili wako hai; wa T wamekufa wote. Mizani aliitikia kwa kichwa.

Mdogo wake alikuwa anaongea na wazee, macho mekundu. "Msiseme hatukufanya kitu," alisema. "Hospitali walinyoosha mikono, dada akaleta dawa yake mwenyewe, ya miaka minne. Haikufaa, ndiyo, tangawizi ni tangawizi. Lakini mama ameondoka ameonja kazi ya mwanawe. Si ndiyo, dada?"

Watu wakamgeukia. Mgeni alitazama chini.

"Ndiyo," alisema Mizani.