Kiatu cha Kulia Kilikuwa na Mzee Wake

Usiku wa jana niliota nipo Japani, natembea mchangani, na miguu yangu imegombana.

Wa kushoto unataka kurudi nyuma. Wa kulia unavuta mbele. Mimi nipo katikati, nahema.

Ngoja kwanza niseme viatu vilitoka wapi, maana bila viatu ndoto hii haieleweki. Mimi na mwenzangu Shomvi tunauza viatu vya mtumba sokoni Morogoro. Ukifungua robota hukosi viatu vipweke, kimoja kimoja, mwenzake hayupo. Hatuvitupi. Tunachukua cha kushoto cha huyu na cha kulia cha yule, namba moja, rangi moja, tunavipiga kiwi, tunavitia kamba mpya, tunaviozesha. Kila muuza viatu anafanya hivyo, na anayekataa ni mwongo. Jana tulifungua robota la Japani. Nikaozesha vyeusi viwili, ngozi nzuri, nikavipenda mwenyewe. Nikasema hivi siuzi, kesho naenda navyo kwa kina Zuhura, binti ninayetaka kumuoa, kujitambulisha.

Shomvi akavitazama. "Hiyo ndoa ya mkeka, Mkude. Havijapendana hivyo."

"Vitapendana njiani."

"Na mzee umepata?"

Hapo ndipo penye kazi. Baba yake Zuhura, Mzee Kunambi, alishasema nisikanyage kwake bila mtu mzima wa kunisemea. Baba yangu alikufa nipo darasa la sita. Wajomba wamenichoka. Mjomba Lukwele nilimfuata mpaka Mgeta, nikapanda mlima nusu siku, akanijibu akiwa hata hajaniangalia: "Mdomo unao, tena mrefu. Kajisemee." Na kuna jamaa mwingine ana bajaji, wazee wake wanakuja Jumapili kwa Mzee Kunambi na mkaja wa mama mkononi. Nisipokwenda leo, basi tena.

Nikalala bila mzee. Viatu nilivivua nikavirusha ukutani, kama kawaida yangu.

Sasa nipo mchangani. Bango linasema hapa ni Tottori. Ni vilima vya mchanga vitupu, vimesimama pembeni ya bahari kama mtu alikuwa anajenga kitu kikubwa akafilisika. Kuna ngamia amekaa, amefungwa tandiko jekundu, wa kubebea watalii. Watalii hawapo.

"Unaandika," ngamia akaniambia.

"Sijaandika kitu. Hata kalamu sina."

"Hapa ni marufuku kuandika mchangani. Geuka uone."

Nageuka. Nyayo zangu zimeshuka kilima chote. Za kulia zinakuja hapa nilipo. Za kushoto zote zimeelekea kule nilikotoka. Ungedhani watu wawili wenye mguu mmoja mmoja walipishana pale.

"Zimeandika nini?"

Ngamia akatafuna kidogo. "Cha kushoto kimeandika: nimeshatembea, nirudisheni nyumbani. Cha kulia kimeandika: mzee wangu yupo juu."

"Juu wapi?"

"Mimi nasoma tu. Aliyeandika ndiye anayefuta, na hapa hatufuti kwa mkono. Unafuta kwa kufika."

"Usimsikilize huyo mnyama," kikasema kiatu cha kushoto. Kina sauti ya mtu aliyestaafu vizuri. "Mimi nilikuja na kundi. Tukapiga picha, tukala, tukapanda basi, tukarudi. Mtu asiyerudi huyo si mtalii."

Cha kulia hakijibu. Kinavuta tu. Nikakifuata hatua moja, mchanga ukawa mbao.

Nipo mlangoni mwa ngome ya Matsue. Nyeusi, ya mbao, imekaa juu ya ukuta wa mawe kama kunguru anayelalia mayai. Mama mmoja mfupi mwenye aproni amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Vua viatu."

Navua. Anavichukua, anavigeuza ncha ziangalie nje, anavisogeza pamoja taratibu kama anawalaza watoto.

"Kwa nini unavigeuza?"

"Kiatu kinachoangalia ndani kinasahau. Kikiangalia nje kinajua mtu wake anatoka." Akainama kuvitazama. "Hivi si ndugu."

"Ni mume na mke."

Hakucheka. "Hiki cha kulia nakijua. Kilikaa hapahapa mlangoni mpaka kikaota vumbi. Mwenyewe alipanda kutazama mandhari."

"Akashukia wapi?"

"Nimesema alipanda."

Napanda na mimi, ningefanya nini. Ngazi zimesimama wima kama za kupandia dari, mbao zake zinateleza kwa kukanyagwa na watu waliokufa zamani. Kila ghorofa ina giza kuliko ya chini yake. Kuna kofia za vita zimepangwa kwenye kabati za vioo, hazina vichwa, na nikipita zinageuka kidogo. Ghorofa ya juu kabisa pana bango: TAZAMA MPAKA UTOSHEKE.

Juu kumefunguka pande zote. Chini kuna ziwa, na kwenye ziwa kuna kisiwa kidogo chenye misonobari. Jua limeshuka mpaka usawa wa maji na limekaa hapo, halizami. Pembeni ya ukingo wamekaa watu, wengi, wamenipa mgongo. Hakuna anayekohoa. Mabegani wana vumbi kama la rafu za dukani.

Nikaelewa. Bango linafanya kazi yake. Hawa bado hawajatosheka.

Wa karibu yangu ni mzee. Kavaa suti na kofia ya safari, miguuni ana soksi za kijivu.

Mimi nina mdomo, wote wanajua, lakini mzee simpiti bila kumsalimia. "Shikamoo, mzee."

Halafu, polepole, kama mlango wa chuma uliokaa sana bila kufunguliwa: "Marahaba." Hageuki. "Umekuja na kiatu changu."

"Kipo chini. Nimekiozesha."

"Na nani?"

"Na cha kushoto cha mtu mwingine."

"Bila kuniuliza."

"Mzee, kwenye robota hamna wa kumuuliza. Na cha kwako cha kushoto sikukiona."

"Hicho walikipoteza." Akafikiri. "Watu wanapanda huku kila siku. Wanapiga picha juu ya kichwa changu, wanashuka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia. Wewe una shida gani?"

Ndoto ni ndoto lakini shida yangu ilikuwa ileile. "Nimekosa mzee wa kunisemea ukweni."

"Mimi nimekosa wa kunishusha," akasema. "Sasa hivi, uliponiamkia, nimetosheka."

Akaanza kugeuka. Vumbi likamwagika mabegani. Na wengine wote, ule mstari mzima, wakainua vichwa kidogo, kama wanasubiri na wao wasalimiwe. Sikutaka kuona uso wake. Nikashuka zile ngazi kwa makalio.

Mlangoni viatu hamna.

"Vimetangulia Izumo," akasema yule mama. "Ndoa zote zinaamuliwa kule. Kimbia."

Nakimbia peku, natoka nje, na nje ndiyo Izumo yenyewe.

Nimesikia watu wakiita kamba zao nene. Hawajaona kamba. Hii imesukwa kwa majani ya mpunga, imening'inia juu ya mlango wa hekalu, nene kuliko tangi la maji, imejisokota kama chatu aliyeshiba. Chini yake viatu vyangu vimewekwa, ncha nje.

"Nani aliyefunga hivi?" ikauliza kamba.

"Mimi."

"Kwa kamba gani?"

"Hizi za kawaida, za viatu."

"Mwaka mara moja miungu wa nchi hii yote wanakuja hapa, wanakaa kikao, wanapanga nani afungwe na nani. Wanabishana usiku kucha. Wewe umekaa kwenye stuli sokoni umefunga peke yako."

"Moro ndivyo tunavyofanya."

"Nimekusikia. Mimi sifungui. Kufungua si kazi yangu, sijui hata kunafanywaje. Nakaza tu. Na wewe umekuja kutaka nini?"

"Zuhura," nikasema. "Nifungwe na Zuhura. Halafu niende nyumbani na miguu yangu yote miwili."

"Piga makofi."

Nikapiga mawili, nikashusha mikono, nikasimama kama mtu aliyemaliza.

Upepo ukakata. Kiatu cha kushoto kikaninong'oneza: "Hapa ni manne, mjinga wewe. Kila mtalii anaambiwa getini. Mawili ya kwako, mawili ya unayefungwa naye. Mpigie huyo binti wako, haraka."

Nikainua mikono.

Kabla sijaikutanisha, nyuma yangu yakapigwa makofi mawili. Polepole, makavu, kama vipande vya mbao. Harufu ya maji ya ziwa ikanifikia.

"Imekamilika," ikasema kamba, na nikaiona inajikaza, na kifuani mwangu kitu kikajikaza nacho.

"Sijampigia Zuhura bado."

"Umefungwa na aliyepiga. Atakusemea popote utakaposimama. Hamfunguki."

"Hata nikifa?"

"Yeye hilo halikumzuia."

Mkono ukanikaa begani, mwepesi, wa baridi kama sahani iliyotoka kuoshwa. "Twende nyumbani, mwanangu," akasema mzee. "Usigeuke. Uso wangu utauona huko huko, kwa wenyeji."

Kiatu cha kushoto kinalia. "Mimi nyumbani kwetu si huko."

"Nyamaza," kikasema cha kulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa ya yule mzee. "Sasa tunarudi."

Nikaamka.

Mwanga umeshaingia dirishani. Shomvi yupo uani anapiga mswaki. Nikaangalia ukutani nilikorusha viatu, hamna. Vipo mlangoni. Vimekaa pamoja, vimenyooka, ncha zinaangalia nje.

"Shomvi. Umegusa viatu vyangu?"

Akatema povu. "Viatu vyenyewe vya robota, nivigusie nini? Amka ukatafute mzee wa kukodi, saa zinakwenda."

Simu ikatetemeka chini ya mto. Ujumbe wa Zuhura.

"We Mkude, mbona hukusema mzee wako anatangulia? Katoka wapi huyu? Yupo sebuleni tangu alfajiri, na soksi tu. Baba kampenda sana, wameshakubaliana kila kitu, hata mahari. Kasema wewe usijali, atakuwa anakaa na sisi. Njoo haraka, na umletee kiatu chake cha kulia."

Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Cha kushoto nimeshavaa. Cha kulia nimekitia mkono ndani, na kina joto.