Kidude cha Nchi za Baridi

Ruthu Mazengo hakuwahi kupaka kucha zake rangi hata siku moja, lakini garini mwake haikukosekana chupa ya rangi ya kucha, nyekundu ya kuiva. Ilikuwa ya mafundi. Kabla hajamwachia fundi yeyote ufunguo, aliinua boneti akapaka: mstari juu ya betri, mstari juu ya altaneta, nukta kwenye kila plagi. Penye bolti alivuta mstari kutoka kichwani mwake hadi kwenye chuma ilikofungwa, ili mtu akiigusa kwa spana, mstari ukatike na useme.

Aliyemfundisha ni baba yake, Mzee Mazengo wa Gulwe, mstaafu wa reli. "Fundi si mwizi," Mzee alizoea kusema, "ila mkono wake haulali njaa."

Na nani atawalaumu? Dodoma hii iliyohamiwa na serikali nzima imejaa magari yaliyoingia gereji yakitembea na kutoka yakivutwa kwa kamba. Watu wanasahau haraka, wanarudi kulekule kuchinjwa upya. Ruthu hasahau. Yule aliyembadilishia betri mpya kwa betri kuukuu, bibi yake hasa, anamkumbuka kwa jina, kwa viatu, hata kwa mluzi aliokuwa akiupiga huku akilitenda tendo lenyewe.

Alhamisi moja ya Juni, akitoka kazini Chimwaga, mshale wa joto ulianza kupanda. Alipofika Makole, anakokaa, mvuke ulikuwa unafuka mbele kama jiko la mama ntilie. Fundi Seth, ambaye kiwanja chake cha gereji kilikuwa mtaa wa pili, aliinama, akanusa, akajifuta mikono.

"Dada Ruthu, hapa ni hedi. Gasketi imekatika. Tufungue injini."

"Kwa siku ngapi?"

"Jumatano ijayo unalichukua, Mungu akipenda."

Jumatano! Jumatatu saa mbili asubuhi mama yake alitakiwa hospitali kwa upasuaji wa jicho. Madaktari wa macho walikuja mjini kwa wiki moja tu; jina la Mama lilikuwa limesubiri miezi saba, na likirukwa, ni mpaka mwaka kesho. Mama alikuwa Gulwe, haoni zaidi ya vivuli, na nyonga yake haikuziweza tena ngazi za basi. Gari la kukodi? Ruthu alijiuliza: la nani, lenye breki za nani?

Akachomoa stiki ya oili, akaipangusa, akaichovya tena, akamwekea Seth chini ya pua. "Gasketi ikikatika, maji huingia kwenye oili, ikawa kama chai ya maziwa. Haya, nionyeshe maziwa hapa."

Seth akakuna shingo. "Mengine hayaonekani kwa macho, dada."

"Ndiyo hayo ninayoyaogopa."

Akaondoka na ufunguo wake.

Kesho yake mchana akaenda mjini, duka la vipuri la Saroj Vithaldas, mama wa makamo aliyezaliwa nyuma ya kaunta ileile. Ruthu alitaka kifuniko cha rejeta. Saroj hakunyanyuka.

"Linachemka kwenye foleni au ukikimbia?"

"Nikikimbia, mama."

"Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Na asubuhi, mshale unachukua muda gani kutoka kwenye baridi?"

Ruthu akafikiri. "Muda mrefu. Siku nyingine nafika Chimwaga haujatoka."

"Basi kifuniko sikuuzii." Saroj akachora kwa kidole kwenye vumbi la kaunta. "Injini yako ina njia mbili za maji. Hapa katikati pana mlango, themostati. Maji yakiwa ya baridi unafunga, injini ipate moto. Yakiwa ya moto unafungua, yaende kupoa kwenye rejeta, na ile njia ya mkato inazibwa. Ukiutoa mlango, maji mengi yanapita mkato, hayapoi. Mafundi wa huku wanautoa, wanasema ni kidude cha nchi za baridi. Kafungue, injini ikiwa imepoa kabisa. Kama hakipo, njoo."

Ruthu alitoka akiwa na mashaka zaidi kuliko alivyoingia. Mwenye duka anayekataa kuuza! Lazima pana jambo. Juu ya ukuta, karibu na kalenda, si alikuwa ameona namba ya simu ya Seth?

Jioni ile alijifungulia mwenyewe. Injini ilikuwa haijawashwa tangu jana yake, maana anayefungua rejeta ya moto huunguza uso wake kwa mkono wake. Akaweka beseni chini, akafuata mpira wa maji mpaka unapoingia kwenye injini, akafungua bolti mbili kwa spana namba kumi. Akamulika kwa simu.

Tupu. Tundu jeusi kama pengo la jino.

Jumamosi asubuhi Seth, hata kufuli hajafungua, alimkuta Ruthu amesimama mlangoni pa kiwanja chake.

"Themostati yangu iko wapi?"

"Shikamoo haipo, salamu haipo?"

"Iko wapi, Seth?"

Seth akacheka, cheko la mtu aliyeonewa kwa kosa dogo kuliko hadhi yake. "Dada, mimi nikiamua kuiba naiba betri. Kile kidude nikipeleke wapi? Hata bure sikitaki. Mimi gari lako nimeliinamia juzi tu, na wewe umenisimamia kama mwendesha mashtaka. Muulize aliyelishika kabla yangu."

"Kabla yako hakuna aliyelishika."

Alisema hivyo kwa nguvu, kisha njiani kuelekea dukani nguvu ikamtoka. Pasaka alikuwa Gulwe. Baba aliinua boneti, akamwambia aende akapumzike na mama yake. Bolti za pale hakuziwekea alama. Nani angemwekea baba yake alama?

Saroj alimpa themostati mpya na pete yake ya mpira. "Kabla hujaifunga, ichemshe kwanza. Fungua mlango wake kidogo, ubanishe uzi hapo, uitumbukize kwenye sufuria ya maji ya baridi, uwashe jiko. Maji yakipata moto mlango utafunguka, kidude kitauachia uzi. Kisipouachia, nirudishie. Hata mimi usiniamini."

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya Ruthu amwamini, japo kidogo. Akakichemsha jikoni kwake, kikaachia. Akakifunga, akavuta mistari miwili myekundu juu ya bolti, akajaza maji, akashika njia. Mbande, Kongwa, Mpwapwa. Mshale ulipanda mpaka katikati ukatulia palepale hadi Gulwe.

"Mbukwa, mwanangu," Mama alimsalimu kwa Kigogo kutoka kibarazani, kwa kuujua mngurumo wa gari. Baba yeye alikwenda moja kwa moja kwenye boneti, akasikiliza, akainua uso.

"Umerudisha kile kidude."

"Pasaka ulikitoa wewe, Baba?"

"Nilikitoa. Na ningekitoa tena."

"Nimetoka nacho Dodoma, mshale haujatikisika."

"Kinakuzoea. Kinangoja kilima, kinangoja siku utakayobeba mtu." Akafunga boneti taratibu, akaingia ndani. Sababu hakuitaja, maana katika nyumba ile ilikuwa haitajwi.

Mwaka wa elinino Ruthu alikuwa na miaka saba, amekaa nyuma ya pikapu ya baba yake. Mbele alikuwa mama, na uchungu wa uzazi. Kwenye kilima kabla ya Mpwapwa pikapu ilichemka ikazima. Ruthu alitumwa korongoni na dumu. Aliporudi na maji, mtoto alikuwa amezaliwa na alikuwa ameshakwenda. Baadaye Baba aliifungua injini, akakuta mlango wa themostati umeganda kwa kutu, haufunguki. Tangu siku hiyo kila gari lililopita mikononi mwake alilitoa kidude hicho, la jirani, la mchungaji, la binti yake.

Jumapili alfajiri Ruthu alitoka kukagua gari kabla ya safari. Ardhi chini ya injini ilikuwa na unyevu. Akamulika. Mistari miwili myekundu ilikuwa imekatika.

Alisimama pale na chupa ya rangi ya kucha mkononi, hasira zimempanda, na hakujua azimwagie wapi. Angekuwa Seth, angemvaa. Baba yake atamvaaje?

Baba alikuwa kibarazani, koti la safari limeshavaliwa, anakunywa chai.

"Baba, nipe."

"Nikupe nini?"

"Baba!"

"Mimi nimeongeza maji tu."

Mama, aliyekuwa akifungwa kilemba na jirani mlangoni, akageuza uso kuelekea sauti. "Kimo mfukoni mwa koti, ule wa kulia. Tangu alipoingia kinagongana na funguo. Mazengo, mimi macho ndiyo mabovu."

Baba akatua kikombe, akamgeukia Mama. "Paskazia, sitakupandisha kilima kile na kidude kile. Mara ya pili sitakupandisha."

Hapo ndipo hasira za Ruthu zilipokosa miguu. Mzee yule aliyemshuku kila mtu duniani alikuwa, miaka yote hii, anakishuku kipande cha chuma kisichozidi kiganja.

"Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya pikapu ile," Mama akasema. "Basi mimi ndiye wa kuamua. Hicho kidude kina namna ya kupimwa?"

Ruthu akaeleza. Mama akaagiza sufuria. Baba mwenyewe ndiye aliyekifungua mdomo kwa ncha ya kisu chake akaubana uzi, maana alisema binti yake angeweza kumdanganya. Maji aliyachota mwenyewe. Uzi hakumpa Ruthu. Aliuweka mkononi mwa Mama, aliyekuwa ameshaketishwa kando ya mafiga.

Wakangoja. Vipovu vidogo vikajikusanya pembeni. Mvuke ukaanza.

"Bado kizito," Mama akasema.

"Unaona?" Baba akasema. "Kimeganda. Niliwaambia."

"Nyamaza, mzee."

Mara Mama akaruka kidogo, na kidude kikagonga kitako cha sufuria, *ting'!* Uzi ukaning'inia mtupu.

"Kimeniachia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Baba alikiopoa kwa kijiko, akakiangalia kilivyokuwa wazi, akaendelea kukiangalia kikipoa na kujifunga polepole kiganjani mwake.

"Kwa hiyo kile cha pikapu..."

"Kilikuwa kibovu, Baba. Kile kimoja."

"Nilikipata Mpwapwa," akasema taratibu, macho yamebanwa kama anayesoma maandishi ya mbali. "Kwa yule mwenye jino la dhahabu. Alikitoa kwenye karatasi ya gazeti. Kwa nini kitu kipya kiwe kwenye gazeti?" Akatikisa kichwa. "Kwa nini sikukichemsha?"

Akainuka, akaenda nacho kwenye gari.

Alikirudisha mwenyewe, bolti moja kisha ya pili, akaikaza kila moja kwa zamu ili mfuniko usipinde. Akajaza maji, akaliacha gari lingurume mpaka vipovu vikaisha, akajaza tena. Alipoinuka, Ruthu aliinama na brashi yake ndogo akavuta mistari miwili.

"Unaniwekea alama mimi?"

"Nakuwekea, Baba."

Mzee akaitazama ile mistari kwa makini, kama mwalimu anayesahihisha. "Huo wa kushoto uvute mrefu zaidi," akasema.

Mama aliketi mbele. Baba alikaa nyuma, dumu la maji mapajani, shingo ameinyoosha katikati ya viti, haondoi macho kwenye mshale. Barabara ilipoanza kuinuka kabla ya Mpwapwa, hakuna aliyesema neno. Mshale ukapanda unywele mmoja, ukasimama, ukarudi.

"Mbona kimya?" Mama akauliza. "Tumefika kilimani?"

"Tumekipita," Baba akasema.

"Basi liweke chini hilo dumu, linanigonga mgongo."

Hakuliweka. Waliingia Makole adhuhuri, dumu likiwa bado mapajani, maji yamejaa mpaka shingoni.