Babu Aliyewaonyesha Wareno Njia

Huku Oman mgeni akishakaa, akala tende na kunywa kahawa, huulizwa ulumu, yaani habari za atokako. Jibu ni moja tu: hakuna ulumu, kheri tu. Hata kama gari lako linawaka moto hapo nje, wewe sema kheri tu. La moto litasemwa baadaye. Haya mtoto wa miaka saba anayajua. Marhun wa Sur, mtu mzima na mvi zake, aliyasahau siku aliyokwenda Ibra kumposea Bassam.

Bassam ni mtoto wa nduguye. Marhun alimlea tangu baba yake alipofariki, na sasa kijana alikuwa hali wala halali kwa ajili ya Jumana, mwalimu wa historia, mpaka kanzu zinampwaya. Angekataliwa, sijui angebaki nini.

Mwenye neno nyumbani kwa Jumana ni bibi yake, Bi Fawziya, mzaliwa wa Unguja. Baba wa Jumana alikuwepo, lakini katika nyumba ile yeye ni pambo tu.

"Ulumu, Sheikh Marhun?" akauliza Bi Fawziya.

"Kheri tu," akajibu Marhun. Angenyamaza hapo, loo! Lakini ana ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ni babu. "Ila mjue mnaoza kwa watu, Bi Fawziya. Rubani aliyewatoa Wareno Malindi akawafikisha Bara Hindi alikuwa babu yetu sisi. Bila ya yeye wangekuwa wanazunguka baharini mpaka leo."

Bi Fawziya akaweka finjani chini.

"Wareno? Waliochoma Mombasa kwa kina bibi yangu mzaa mama? Waliochoma Kalhat, hapo pua na mdomo na kwenu Sur?"

"Hao hao," akasema Marhun huku anatabasamu, masikini.

"Alaa! Kumbe ni nyinyi! Miaka mia tano twauliza nani aliyewashika mkono wale washenzi, kumbe ni nyinyi! Na leo mwamtaka na mjukuu wangu?"

Bassam, waliyekuja naye, akageuka rangi. Pembeni yake Mzee Muatasim akainamisha kichwa kuficha kicheko. Sur hakuna posa bila ya Muatasim, ndiyo maana walimchukua, lakini miaka thelathini sasa anashindana na Marhun kwamba rubani yule ni babu wa ukoo wake yeye. Wamegombana kwenye harusi mbili na matanga mamoja. Karatasi ya ushahidi hana huyu wala yule.

Marhun akamtazama Bassam. Yeye Marhun mali hana, cheo hana. Babu ndiye aliyekuwa akimnyanyua kichwa kila barazani. Lakini kijana alikuwa amefumba macho kama anangoja sindano, na roho ikamuuma Marhun.

"Bi Fawziya," akasema, "nimesema uwongo. Si babu yetu. Ni babu yake Muatasim."

"Nimepokea!" Muatasim akaruka juu. "Mashahidi mpo! Baba Jumana, umesikia kwa masikio yako!"

Bi Fawziya akashusha pumzi. "Hapo sawa. Basi tuleni."

Sinia akalileta Jumana mwenyewe, maana mlangoni alikuwa keshachoka kuchungulia. Muhogo wa nazi, bakuli la pilipili, nanasi limekatwakatwa.

"Bibi," akasema akilitua, "muhogo huu wajua nani aliyeuleta kwetu?"

"Si hulimwa kwetu Unguja?"

"Wareno, kutoka Brazili. Na pilipili. Na nanasi. Na korosho unazozificha kabatini."

Bi Fawziya akautazama muhogo kama mke aliyeambiwa leo kwamba marehemu mumewe alikuwa na mke mwengine Pemba. Akala kipande. Akafumba macho, akala cha pili.

"Waliochoma walaaniwe," akasema mwisho. "Lakini huyo rubani, Mungu amrehemu... Muatasim, wewe una kijana wa kuoa?"

"Ninao wawili!"

"Bi Fawziya!" Marhun akapiga ukelele. "Babu ni wetu, wallahi, mimi nilikuwa..."

"Umeshanipa!" akasema Muatasim, mdomo umejaa.

Mwari kwa kawaida hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Huyu hakunyamaza.

"Bibi, mimi namtaka Bassam. Babu rubani achukuliwe na yeyote amtakaye." Akamgeukia Marhun. "Na wewe, ami, uliyemtoa babu yako kwa ajili ya mtoto wa nduguyo, wewe ndiye mkwe ninayemtaka."

Hapo Bi Fawziya akamwashiria mwanawe, baba wa Jumana, asome fatiha. Wakainua mikono wote. Marhun machozi yakawa yanamchirizika mpaka ndevuni, na Muatasim alipomuuliza ana nini, akasema ni pilipili.