Nimekinai

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na mmoja, katika darasa la ngumbaru la usiku pale Makadara. Tangu hapo sijatamka neno nisiloweza kulieleza. Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, katika chumba kimoja cha chini huku Mji wa Kale.

Siku moja Bi Aida, mshonaji wa mabuibui, alikuja kuchukua cherehani yake. Akazungusha gurudumu, akaisikiliza inavyokwenda.

"Mzee Kaingu, kwa mikono hii ungekuwa na duka kubwa barabarani. Huchoki na kijichumba hiki?"

"Kazi hii, Bi Aida, nyumba yangu, mke wangu," nikamjibu, "nimekinai."

Mke wangu, Kadzo, alikuwa amesimama mlangoni na chakula changu cha mchana. Akakiweka juu ya meza ya kazi, akaondoka.

Kesho yake chakula hakikuja. Wala kesho kutwa yake. Jioni hiyo nikalikuta begi lake limefungwa, liko kando ya mlango.

"Naenda kukaa kwa Cynthia," akasema. Cynthia ni binti yetu. Anapika katika nyumba moja kubwa ya Kizingo na amepewa chumba uani. "Mtu aliyekinai hupumzishwa."

Nikaelewa kosa lilipo, nikaliona dogo. Nikateremsha kamusi.

"Kukinai," nikamsomea, "ni kuridhika na ulicho nacho."

"Endelea."

"Inatosha."

"Baba Cynthia, mimi sikwenda ngumbaru, lakini naona kidole chako kimefunika mstari."

Nikakiondoa. "Pili: kuchoshwa na kitu, hasa chakula, kwa kukila mno."

"Basi hiyo ya pili ndiyo ninayoiosha kila siku. Miaka thelathini na minane unaniachia vijiko vitatu vya chakula kwenye sahani."

Ilikuwa kweli. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu mstaarabu huacha kula kabla ya kushiba, nami nikaishika kanuni hiyo kama nilivyoshika alfabeti. Sikuwahi kumweleza Kadzo sababu. Nilidhani anaijua.

"Kula," akasema, akinipakulia wali na kunde za nazi. "Nisije nikaambiwa nimemwacha mume na njaa. Tuktuk inakuja saa moja."

Nikala. Nilipofika kwenye vijiko vile vitatu, mkono ukasimama wenyewe. Kadzo akaona. Akavaa viatu, akainama kuchukua begi.

Nikavila vyote vitatu. Kisha nikaufuta mchuzi kwa kidole, jambo ambalo mtoto akilifanya ningemkemea, nikakilamba, nikamnyoshea sahani.

"Nini tena?"

"Niongeze."

"Si umekinai?"

Kwa maana ile ya kwanza, jibu lililonijia lilikuwa uongo mtupu, na kamusi ilikuwa bado wazi mbele yangu.

"Sijakinai," nikasema.

Tuktuk ikapiga honi mwanzo wa kichochoro. Kadzo akaitazama sahani, akaigeuza kwenye mwanga wa taa kama anayetafuta ufa. Akavua viatu.

"Kamwambie aende zake," akasema, akichukua upawa. "Na ukirudi unawe mikono. Mzee mzima unalamba vidole!"