Chanuo la Kicheko

Kila alasiri, chai ikiisha kumiminwa, vitu vilivyomo katika kabati la kioo la mstaafu wa forodha vilisema. Kila kimoja kilirudia maneno yaliyosemwa siku kilipotolewa zawadi, kwa sauti ya aliyekitoa, kisha kikanyamaza mpaka kesho yake. Pete ya fedha ilisema, "Haya, chukua, usilie tena." Saa ya mfukoni ilisema, "Sasa huna kisingizio cha kuchelewa." Leso iliyodariziwa mioyo miwili ilikuwa na kigugumizi, nayo ilipewa nafasi yake. Msoma mita za umeme, akifika wakati huo, alisimama mlangoni kwa adabu mpaka leso imalize, ndipo akaendelea na kazi yake.

Mstaafu hakununua kitu bubu. Dalali wa vitu vya kale alimruhusu kukichukua kitu na kukaa nacho alasiri moja. Kikikaa kimya, alikirudisha, kwa kuwa ni dhahiri mwenyewe alijinunulia. Alipenda kusema kwamba mapenzi ya kweli yalizikwa pamoja na wazee, na kwamba yeye, angalau, anayatunza masalio yake. Alikuwa akiyasema hayo huku amemnyooshea mkewe kikombe kitupu bila kumtazama.

Wageni hawakukosekana. Walikuja watu wenye waume na wake majumbani, wakayalilia mahaba ya wasiowajua, wakasifu chai, kisha wakarudi makwao kununiana.

Mke ndiye aliyefuta vioo. Kwa nje tu. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa mumewe. Hakuvionea wivu vitu vile. Alichokitaka katika dunia kilikuwa kimoja, na hakikuwamo kabatini: chanuo la mti alilochongewa na mumewe mwaka walioposana, lenye jino moja lililovunjika, siku ambazo mumewe alikuwa bado akimwita Kicheko. Mwaka aliokwenda kumuuguza mama yake, mume alilitoa kwenye mtoto wa meza akampa dalali liwe nyongeza ya bei ya jozi ya herini za kale. Mke aliporudi na kuliuliza, aliambiwa lilikuwa limepinda, tena halina historia. Akanunuliwa jingine, la plastiki. Hilo halijasema neno mpaka leo.

Basi siku moja mume akaingia amekumbatia kifurushi kama aliyebeba mtoto mchanga.

"Njoo uone kitu," alisema. "Dalali alikuwa amenifichia. Anasema kilikuwa cha bibi mmoja wa watu, amekwisha kufa."

Akakifungua. Lilikuwa chanuo la mti, limepinda kidogo, na jino moja halipo. Mke akaweka sinia chini.

"Chanuo langu," alisema.

"Usiliguse, mikono yako ina mafuta."

Alasiri ilipofika wageni walikuwa wamekwisha kukaa, na miongoni mwao alikuwamo dada yake mume. Pete ikasema, saa ikasema, leso ikahangaika mpaka ikamaliza. Kisha chanuo likasema, kwa sauti ya kijana mwenye haya:

"Kicheko. Nimekuchongea mwenyewe. Jino moja limevunjika. Nilikuwa nakuwaza, kisu kikateleza. Usinicheke. Au nicheke, maana ndicho nilichokifuatia."

Mwalimu mmoja mstaafu alitoa leso yake mwenyewe, isiyosema, akajifuta macho. Mume alifumba macho kwa raha.

"Mnasikia?" alisema. "Huyo alikuwa mtu. Siku hizi nani anaweza kusema hivyo?"

"Wewe," alisema mkewe. "Hiyo ni sauti yako."

Watu wakatazama vikombe vyao.

"Kaka, kweli ni yako," alisema wifi yake. "Ile ya kabla hujapandishwa cheo."

"Sauti za vijana hufanana."

"Na hilo kovu la kidole gumba?" mke aliuliza. "Kisu kilipoteleza hakikuvunja jino peke yake."

Mume alikigeuza kidole chake, akakikagua kwa makini, kama alivyokuwa akikagua masanduku ya wasafiri.

"Nilijikata nikimenya chungwa," alisema. "Mimi sijapata kusema maneno kama hayo kwa mtu yeyote. Ningekumbuka."

"Nipe basi nilishike tu. Dakika moja."

"Kitu cha thamani hivi? Uchanie nywele?"

Wifi akacheka peke yake. Mume alitia chanuo kabatini, rafu ya katikati, juu ya kitambaa cha mahameli, akageuza ufunguo. Kesho yake aliliandikia kibandiko kwa mwandiko mzuri wa kiofisi: *Chanuo la mapenzi. Mtoaji hajulikani. Mpewaji aliitwa Kicheko, naye hajulikani.* Akamwambia mkewe akisugue vizuri kioo cha hapo, maana ndipo watu watakapotazama zaidi.

Naam, walitazama. Sifa za chanuo zikaenea, na wengine wakawa wanakuja kwa ajili yake tu. Mwalimu mstaafu hakukosa hata alasiri moja. Nyumbani kwake mkewe alikuwa akila peke yake.

"Maskini Kicheko," alisema mwalimu siku moja, akipokea chai. "Sijui aliishia wapi."

"Aliishia jikoni," alisema mke. "Hiyo chai ni yake."

Wageni wakacheka sana. Mume naye alicheka, akawaambia kwamba mkewe ana utani wake, wamzoee.

Maji ya chai ya pili yalikuwa yakichemka, kwa hiyo mke alirudi jikoni. Huku nyuma pete ikasema, saa ikasema, leso ikajikongoja. Kisha ile sauti ya haya ikaita, "Kicheko."

"Abee," aliitika kutoka jikoni.

Mume aliinuka, akausukuma mlango wa jikoni kwa mguu ukafungika, akamtaka radhi mwalimu kwa kelele ile, akaketi kusikiliza.